Pipa letu la wiski kule mlimani, na miaka minne ya kulichungulia

Ngoja nianze na maharage alafu ntafika kwenye wiski.

Msimu wangu wa kwanza jikoni huku Engadin, yaani Uswisi upande wa mashariki, jimbo la Graubünden, siku yangu ya ofu nikasema leo napika maharage kama ya nyumbani. Nimeloweka usiku kucha, nimebandika saa tatu asubuhi, saa nane mchana bado yanagonga meno kama kokoto. Nikampigia mdogo wangu. Yeye ni mpishi wa mlimani, anapanda Kilimanjaro na wageni na masufuria, akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Bro, hapo uko mita ngapi?" Nikamwambia 1,700 na kitu. "Basi maji yako yanachemka kwenye 94, hayafiki 100. Sisi kambi ya Kibo pale mita 4,720 ni kama 85, maharage hatuthubutu, tunapanda nayo yameiva." Nikambishia, mbona kwetu Marangu ni mwinuko huohuo na maharage tulikuwa tunakula kila siku? Akasema, "Mama alikuwa anabandika alfajiri, wewe unarudi shule jioni unakuta yameiva, ungejuaje?"

Nimeikumbuka hiyo simu mara nyingi sana, kwa sababu miaka kadhaa baadaye nililipa hela yangu ya jasho kununua pipa la wiski na sifa kubwa ya hilo pipa, niliyouziwa, ni kwamba liko juu mlimani. Mwinuko uleule ambao baba anaukalia bure na migomba yake.

Wasomaji wangu msiokunywa mnivumilie, hii ni habari ya pipa na subira zaidi kuliko pombe. Na mnaokunywa mnivumilie pia maana chupa mtaziona mwisho kabisa.

Ilikuwa Oktoba 2019. Pale kazini kuna mpishi mwenzangu mzawa wa bonde hili, akanipeleka kwa jamaa mmoja mwenye kiwanda kidogo, kidogo kweli, mtambo mmoja wa shaba wenye shingo ndefu kama korongo, umewekwa kwenye nyumba ya mawe ambayo zamani ilikuwa zizi la ng'ombe. Familia yake imepika pombe kali ya matunda vizazi na vizazi, cheri na peasi, lakini nafaka hapana, na sababu ni sheria. Uswisi ilikataza kupika pombe kali kwa nafaka na viazi, hicho ni chakula cha watu, mpaka tarehe 1 Julai 1999 ndo wakaruhusu. Kwa hiyo wiski ya Uswisi nzima ina umri mdogo kuliko mimi. Nilipenda kusikia hivo, kwa kuwa kwetu ugomvi wa nafaka ya kula na nafaka ya pombe haujawahi kuisha, muulize mama yeyote ambaye ulezi wake wa uji umeishia kwenye mbege, pombe yetu Wachaga.

Na hapo kwenye mbege ndo nilimwelewa yule jamaa haraka kuliko wenzangu. Alikuwa anaeleza shayiri inavyolowekwa, ikaachwa ichipue, alafu ikakaushwa kabla chipukizi halijala utamu wote, mimi nikamwambia hiyo naijua, hicho ni kimea. Bibi yangu alikuwa anafanya vilevile na ulezi, analowesha, anaufunika na majani ya mgomba, ukichipua anauanika juani, unasagwa, ndo unapikwa uji unaochanganywa na ndizi mbivu zilizochemshwa zikakaa siku kadhaa, na gome la msesewe la kutia uchungu. Singo molti, ile wiski wanayoringia watu baani, ni hivyo tu, kimea cha shayiri kitupu bila nafaka nyingine, kimetoka kiwanda kimoja. Neno singo linahusu kiwanda, siyo pipa moja kama nilivyokuwa nadhani mimi na nina uhakika nusu yenu. Ikishakuwa kama bia isiyo na hopsi, yale maua ya kutia uchungu, wanaipika mara mbili kwenye shaba, ile ya kwanza kutoka inachoma pua wanaitenga, ya mwisho inanuka mbwa aliyenyeshewa nayo wanaitenga, ya katikati ndo inaingia kwenye pipa. Mpika gongo yeyote wa Tanzania angesimama pale akasema mnachelewa nini.

Tofauti ni pipa. Mbege ukiichanganya leo inanyweka kesho, keshokutwa imekomaa, siku inayofuata imechacha na ni ya kumwaga, kwa hiyo lazima uite watu. Huwezi kuwa na mbege ya peke yako, haiwezekani kimaumbile. Wiski kwa sheria haiitwi wiski mpaka ikae kwenye mbao miaka mitatu, na pipa lenyewe lisizidi lita 700. Nilipompigia baba kumwambia nataka kununua kinywaji ambacho sitakinywa mpaka miaka iende, alikaa kimya kidogo akauliza, "Kina ugonjwa?"

Peke yangu nisingeweza, kwa hiyo tukachanga watu watano. Mimi, mke wangu, Mkenya mmoja nesi anayekaa Chur, dada mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kama zabibu kwenye keki, na yule mpishi mwenzangu mzawa. Faranga 600 kila mmoja, jumla 3,000. Tukapata kipipa cha lita 50. Fundi mapipa alikuwa amechukua pipa la kawaida la divai la lita 225, lililolala Pinot Noir, divai nyekundu ya hukuhuku Graubünden upande wa Maienfeld, akalikata na kuliunda upya kuwa dogo, akaliunguza tena ndani kidogo. Likajazwa ile pombe nyeupe, asilimia 60. Nilipiga picha nyingi kuliko siku ya ndoa yangu. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, wa kwanza una namba ya pipa, lita, asilimia, tarehe, wa pili tulisaini tu. Kumbukeni huo ukurasa wa pili.

Sasa kuhusu huu urefu. Dunia ya wiski ina majivuno ya milima ambayo mtu wa Kilimanjaro ukiyasikia unajikuta unatabasamu. Uskochi kuna Dalwhinnie, moja ya viwanda vyao vilivyo juu kabisa na penye baridi kali kwelikweli, mita 351. Mia tatu hamsini na moja! Moshi mjini penye joto na bodaboda ni juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Japani wana Mars Shinshu kule Nagano, mita 798, hao angalau tunasalimiana na Moshi. Huku kwetu Engadin ndo wamechanganyikiwa kabisa, pale kituo cha juu cha gari la kebo la Corvatsch, mita 3,303, kuna mtambo wa wiski unaoitwa Orma, neno la Kiromansh, lugha ya huku, lenye maana ya roho. Kwa lugha ya mdogo wangu hapo umeshaipita kambi ya Mandara lakini ya Horombo hujafika. Sisi pipa letu liko chini, 1,700 tu, lakini kwenye karatasi wameandika wiski ya milimani na mchoro wa mbuzi mwenye pembe.

Je, mlima unafanya kitu? Hili nimelichunguza kwa sababu ndo nililolipia. Kwenye mtambo, hewa ikiwa nyepesi kila kitu kinachemka mapema, spiriti tupu usawa wa bahari inachemka kwenye 78, ukiwa kule mita 3,303 ni kama 68 au 69 hivi. Wauzaji wanakuambia mvuke ukipanda taratibu bila joto kali harufu za maua zinabaki. Si uongo mtupu, kuna watu wanatengeneza ile pombe ya jini kwa kupunguza hewa ndani ya mtambo makusudi ili vitu visiungue. Ila nilipomuuliza yule jamaa wetu, ambaye angeweza kunidanganya na ningemwamini, aliinua mabega. Akasema umbo la shingo ya mtambo, haraka au polepole unavyopika, na saa ngapi unakata ile ya katikati, hivyo vinabadilisha ladha kuliko mlima mzima. Na alafu mbao. Mbao, mbao, mbao, aligonga pipa mara tatu.

Baridi nayo, watu wanaisifia lakini kazi yake ni kuchelewesha. Joto likipanda pombe inavimba inaingia ndani ya mbao, likishuka inarudi na ilichookota humo, rangi, utamu, ukali kidogo. Ghala letu Januari linakaribia sifuri, pipa limelala kama dubu. Julai mchana joto usiku sweta, hapo ndo linafanya kazi. Kwa hiyo katika miezi 12 ukiniuliza mimi pipa linafanya kazi kama mitano, mingine linakula kodi ya ghala.

Kitu kimoja tu ambacho mlima umekifanya bila ubishi, na hakuna aliyeniambia mwanzoni, ni ukavu wa hewa. Kila pipa linapoteza kinywaji, Waskochi wanaita fungu la malaika na kwao inasemwa ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Uskochi hewa ni ya unyevunyevu, pombe ndo inatoroka zaidi, kwa hiyo ukali unashuka taratibu, ukikaa miaka mingi sana unaweza kushuka chini ya 40 na ikishuka hapo haiitwi tena wiski, umebaki na maji ya gharama. Huku hewa kavu inanyonya maji kwanza. Pipa letu lilikuwa linapungua lita na wakati huohuo linakuwa kali. Kila tukipima ni kidogo zaidi na kali zaidi, kama wazee wa ukoo wetu.

Na kipipa kidogo ndo balaa. Fikiria sufuria ndogo na kubwa, ndogo ina ukuta mwingi kuliko mchuzi. Lita 50 zinaguswa na mbao kuliko lita 250 zinavyoguswa, kwa hiyo zinakolea haraka, na zinavuja hewani haraka. Sisi mpango wetu ulikuwa miaka minane, mwanangu apate kipaimara ndo tufungue. Mtu yeyote anayejua mapipa angetucheka. Jamaa mwenye kiwanda hakutucheka, alisema tu "tutaona," na mimi niliichukulia kama ndiyo.

Machi 2020 unajua kilichotokea. Tarehe 13 serikali ilifunga sehemu za kuteleza kwenye theluji, siku chache baadaye mahoteli na migahawa jikoni kimya, niko nyumbani nalipwa sehemu ya mshahara, natazama mlima. Kwenye grupu la WhatsApp la pipa (jina lake "Pipa", hatuna ubunifu) Mkenya akaandika, wadau, hii kitu si tuuze. Alikuwa yuko wodini zamu mbilimbili na kule kwao Nyeri anatuma hela, sikumlaumu. Tukaulizia nani ananunua kipipa cha pombe changa ya miezi mitano. Hakuna. Hapo ndo nilielewa tulichonunua, siyo shamba wala dhahabu, ukitaka kuuza lazima umpate mtu mwingine mwenye wazimu uleule, wiki hiyohiyo, mwenye hela.

Kuna kisa kingine ntakipitisha haraka. Mwaka uliofuata nikapigiwa simu na kijana mmoja namba ya London, sauti ya asali, sijui jina langu alilipata wapi, anauza mapipa ya Uskochi, anasema faida asilimia 12 kwa mwaka, uhakika. Kwa kuwa nilikuwa nshaungua kidogo nikamuuliza maswali matatu. Namba ya pipa? Liko ghala gani? Na mwenye ghala anaweza kunithibitishia kwa maandishi kwamba limehamishiwa jina langu? Maana Uskochi pipa linakaa ghala lililo chini ya jicho la mamlaka ya kodi, na umiliki unahama kwa hati ya kukabidhi ambayo mwenye ghala ameipokea, kile cheti kizuri chenye utepe alichokichapisha muuzaji ni cha kutundika ukutani tu. Kijana akasema atanirudia. Bado namsubiri. Na hata ukinunua kihalali huwezi kulibeba ukaliweka sebuleni kwako Dar, singo molti ya Uskochi tangu Novemba 2012 lazima itiwe kwenye chupa hukohuko, tena mara nyingi jina la kiwanda hawakuruhusu kulitumia kwenye lebo yako. Nawaambia kwa kuwa najua baadhi yenu huko Uingereza mnapigiwa hizi simu kila wiki.

Turudi zizini. Agosti 2021 jamaa akanipigia, "Pipa lako linalia." Nilipofika nikakuta michirizi ya kahawia imekauka kwenye ubao mmoja, kama machozi ya mtu mwenye vumbi usoni, na sakafu chini ina doa. Sehemu ya juu ya pipa ambayo haiguswi tena na kinywaji ilikuwa imekauka ikasinyaa, pete ya chuma ikalegea. Alikuwa ameshaigonga pete kurudi mahali pake na kuziba ufa kwa kijiti na nta. Lita moja na nusu hivi imekwenda. Nikasema basi mtatufidia. Akafungua droo, akatoa mkataba, ukurasa wa pili. Uvujaji ni hasara ya mwenye pipa. Sahihi tano chini, yangu ya kwanza tena kubwa kuliko zote.

Kuchungulia sasa. Tulikuwa tunaruhusiwa kuonja mara mbili kwa mwaka. Kizibo kimegandia, unagonga mbao pembeni yake, kulia, kushoto, kwa nyundo ya mti, mpaka kinaruka chenyewe kama kimeshtuka. Unaingiza bomba refu la kioo, unaziba tundu la juu kwa dole gumba, unalitoa, unaachia kwenye glasi. Mwaka wa kwanza rangi ya mkojo wa mtu mwenye afya, samahani lakini ndo rangi, ladha ni ya unga mbichi na peasi na moto. Mwaka wa pili zabibu zikaanza, ile divai iliyokuwa imejificha ndani ya mbao. Oktoba 2022 ikatimiza miaka mitatu, kisheria ikawa wiski, tukaonja, na bwana, ilikuwa nzuri. Ganda la chungwa, asali, karafuu kwa mbali. Dada wa Bukavu alifumba macho akasema neno moja la Kifaransa ambalo mke wangu alinikataza kuliuliza.

Nikasema ikiwa hivi mwaka wa tatu, wa nane itakuwaje! Hilo ndo kosa langu la kifikra na nililibeba muda mrefu, kwamba kitu kikikaa kinazidi kuwa kizuri tu. Oktoba 2023 tukaonja tena na wa kwanza kukunja uso alikuwa Mkenya, yule aliyetaka kuuza. "Hii imekuwa chai ya strungi iliyosahaulika kwenye chupa." Nikaonja. Kweli, nyuma ya ile asali kulikuwa na ukakasi, ulimi unakauka pembeni, unahisi umetafuna kalamu ya risasi ya darasa la pili. Nikabisha, nikasema labda glasi, labda tumekula kitu. Jamaa mwenye kiwanda akainusa muda mrefu akaniambia kwa upole kabisa kwamba pipa dogo likishaanza kukupa mbao haliachi, hakuna mwaka wa tano ambapo litajirekebisha. Nikamwambia lakini mwanangu kipaimara bado. Akasema mtoto atakua, hii haitakusubiri.

Tulipigana kwenye grupu wiki mbili. Mimi peke yangu upande wa miaka minane, na sikuwa na hoja, nilikuwa na tarehe tu niliyojiwekea kichwani. Mke wangu ndo alimaliza. Aliandika, "Mama yako angekuwa anapika maharage kwa kalenda mngekula mawe."

Februari 2024 likafunguliwa. Lita 50 zimebaki kama 40, nyingine hewani, nyingine sakafuni, nyingine matumboni mwetu kwa jina la kuonja. Ukali umefika 60 na nusu, wakati uliingia 60, hapo ndo mlima ulipojitetea. Nusu tukaiacha kali vilevile, chupa 28 za sentilita 70. Nusu tukaishusha kwa maji mpaka asilimia 46, maji yanaongezwa kidogokidogo kwa siku kadhaa maana ukimwaga yote kwa pamoja inaweza kupata ukungu, hizo zikatoka chupa 37. Jumla 65, kila mtu 13. Na nilishangaa kwamba ile ya maji ndo ilikuwa bora, ule ukakasi ulilegea ukabaki kama kivuli tu. Serikali nayo ikaja kuchukua haki yake, kodi ya pombe kali Uswisi ni faranga 29 kwa kila lita ya spiriti tupu, tukalipa karibu 690. Ukiongeza chupa, vizibo, lebo kama 650 hivi, kila chupa imetugharimu faranga 67. Hapo sijahesabu nauli ya treni wala mchango wa chakula kila tulipoenda kuonja. Dukani kwa hela hiyo unapata wiski nzuri sana ya mtu anayejua anachofanya, ina umri mara tatu ya yetu, na hailii Agosti.

Desemba nikaenda nyumbani na chupa moja, hiyo moja ndo unayopita nayo forodhani bila maneno. Baba alikuwa amepikisha mbege ya Krismasi, wazee wamekaa chini ya migomba, kata inazunguka. Nikaifungua. Baba akamwaga kidogo chini kama inavyotakiwa, akanusa, akapitisha kwa meku, mzee mwenzake aliyekaa pembeni yake, naye akanusa akarudisha. Baba akaonja tone. "Imekaa miaka mingapi?" Minne na kitu. "Na nyie mlikuwa mnafanya nini mda wote huo?" Nikamwambia tulikuwa tunaingoja. Akawaangalia wenzake, kwa Kichaga akawatafsiria, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na mbege. Alafu akaomba maji ya moto, akatia wiski yangu, tangawizi na asali, akasema ya usiku, kifua. Miaka minne, ufa, ukurasa wa pili, Pinot Noir ya Maienfeld, imekuwa dawa ya kikohozi, na alilala fofofo.

Mdogo wangu alikuwa na safari ya tarehe 27. Akaniambia bro, si unasema ni ya milimani, ngoja tuipeleke kwenye mlima wa kweli tuone. Nikamjazia kichupa cha dawa ya mtoto, mililita 100, nikamwonya asinywe kazini, kunusa tu. Siku tano kimya, kule mtandao ni wa kubahatisha. Akashuka, akanitumia voisi. Anasema Kibo jioni alipomaliza kuosha vyombo alifungua akanusa, hakuna kitu. Akanusa tena, hakuna, kama maji. Baridi imekula harufu yote, na pua yenyewe imekufa. Akashuka nayo Horombo, kidogo sana, labda ndimu. Akaja nayo mpaka nyumbani, akaiweka dirishani juani wakati anafua soksi, alipofungua chumba kizima kikanuka zabibu na chungwa, mpaka shemeji akauliza nani kapika keki.

Kwa hiyo iko poa, akasema, ila haitaki urefu.

Nikamwandikia, umenusa tu lakini? Imebaki ngapi kwenye kichupa? Tiki mbili za bluu. Alafu akazima data.